Mizizi Kwenye Chupa ya Chai

Jumanne jioni, Mlandege

Na mimi nikanyamaza! Daktari alimuuliza Baba waziwazi kama kuna dawa nyingine anayotumia, Baba akasema hakuna. Nyumbani kwetu chochote kinachotoka kwenye chupa ya chai huitwa chai, si dawa, hata ile mizizi ya Kichina niliyomnunulia mwenyewe kule Mbeya. Ningembishiaje mzee mbele ya watu?

Daktari akaeleza kwamba vidonge anavyomeza Baba vinazima ishara inayoziamuru seli za saratani ya mapafu zizidi kuzaliana, na kwamba mitishamba mingine huvuruga kazi hiyo.

Lakini wiki hii kikohozi kimepungua. Ni vidonge au ni mizizi? Nikimnyang'anya, halafu ikawa ndiyo iliyokuwa inamsaidia...

Tangu saa kumi nazunguka tu jikoni, simu mkononi. Namba ya daktari ninayo, sijapiga. Mwishowe nimeimwaga ile mizizi, nikaosha chupa, nikaweka chai ya tangawizi.

Baba ameonja, akarudisha kikombe mezani taratibu.

"Kumbe na wewe ulijua ile ni dawa," akasema. "Sasa mbona uliniacha nimdanganye daktari?"