Mawe Yaliyo Langoni Kwako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Napenda barua hii ikukute umeketi, umevaa miwani na mlango umeurudishia. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa na kuiinua juu kama taa, na jirani yetu Redio hakosi kuwa anapita. Neno nitakalokuambia mimi litafika sokoni kabla sijakata simu, tena likiwa limetiwa chumvi. Hili nataka ulijue wewe kwanza. Nimempa dereva akukabidhi mkononi.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anayajaribia begani kwangu. Dada anayenisaidia kumlea anakusalimu. Anasema mtoto huyu hakunirithi, kwa sababu akiambiwa anyamaze hunyamaza. Mimi mwenyewe ni mzima ila uchovu. Nalala vipande vipande kama mlinzi, lakini tangu juzi nalala vizuri, na sababu yake utaiona mbele.

Uliniuliza huku bungeni tunafanya nini wiki nzima, maana kwenye televisheni unaona watu wanasinzia tu. Ni kweli wapo. Mheshimiwa anayekaa kando yangu tunamwita Blanketi, kwa koti lake zito na kwa usingizi wake. Ila kazi ipo, mama. Asubuhi tunakaa kwenye kamati ya miundombinu, katika chumba ambacho dirisha lake halifunguki, tunapitia barabara moja baada ya nyingine, ipi imekatika, ipi imeliwa na mkandarasi. Mchana tunaingia ukumbini kwenye miswada. Mimi na kidato changu cha nne, mwanzoni nilikuwa nikikutana na neno gumu nalipita kimya kimya kama mtu anayedaiwa. Siku hizi nauliza. Nimegundua kwamba nikiuliza, nusu ya meza inashusha pumzi.

Ijumaa narudi jimboni, na benchi la nje ya ofisi limeshajaa. Huyu anataka mabati ya darasa, yule kagombana na shemeji yake juu ya mpaka. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja akasema aliahidiwa maendeleo, na kwake yeye maendeleo ni mke. Nikamwambia fungu hilo kwenye bajeti halipo. Akasema basi nimwombee hilo fungu. Jumamosi natembea na mhandisi kukagua kazi, na Jumapili nafua.

Sasa kuhusu daraja. Unajua kwamba fedha za mfuko wa jimbo mwaka huu zinatosha daraja moja tu, na vivuko vilivyoomba ni viwili, cha chini hapo kwetu na cha juu karibu na shule. Usichojua ni kwamba hata hilo moja lilikuwa linataka kututoka. Muswada mpya wa madaraja madogo ulikuwa na kifungu kinachosema fedha hazitoki mpaka wananchi wa kata watoe mchango wao, na mchango wenyewe uwe pesa taslimu. Nilikisoma mara mbili. Kata yetu ingetoa wapi?

Nikaandika hotuba nzuri, mama, na asubuhi ya kuisoma mtoto akaitapikia maziwa. Nikasimama mikono mitupu. Nikawaambia kwamba ninakotoka watu wana mikono kabla hawajawa na pesa, na kwamba mtu aliyebeba jiwe kutoka shambani kwake ameshachanga, tena kachanga na mgongo. Nikawasimulia rundo la mawe ya daraja lililoko langoni kwako, jinsi kila apitaye anavyoweka lake, na jinsi mama yangu mwenye goti bovu anavyolilinda kwa fimbo dhidi ya mbuzi na wajenzi wa mabanda ya kuku. Wakacheka. Spika akasema muda wangu umekwisha. Hapo Blanketi, ambaye wote tulidhani yuko ndotoni, akainuka na koti lake akasema anaunga mkono, kwa kuwa hata baba yake alijengewa nyumba kwa mawe ya majirani. Kifungu kikabadilishwa. Jumatano muswada ukapita, na mawe sasa yanahesabika kuwa mchango. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nacheka peke yangu kama chizi.

Mama, hapa ndipo nilipotaka uwe umeketi.

Daraja haliji kwetu. Linakwenda kivuko cha juu. Siombi ruhusa, nimeshatia saini, na uamuzi ni wangu, si wa mhandisi wala wa kamati.

Najua watu wetu walinipigia kura wakiwa na daraja hilo kichwani. Najua Redio amekwisha kuwaambia watoto wake watavuka na viatu miguuni. Lakini sikiliza. Ile Jumamosi iliyonyesha, nilikwenda kivuko cha juu na mtoto mgongoni, nikasema nivuke kama wanavyovuka wao. Daraja lao ni gogo. Katikati mguu ukateleza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaidaka mbeleko kwa mikono miwili, akatushikilia mpaka nikapata pa kukanyaga. Sikukuambia. Zile wiki mbili nilizokuwa nakujibu kwa ufupi nikasingizia mtandao, nilikuwa naogopa utalisikia katika sauti yangu.

Ng'ambo nilimshukuru. Akanituliza, akasema kila mtu pale ameteleza, na kwamba mimi nina bahati, maana binti yake siku alipoteleza hakuwa na mtu nyuma. Kisha akajitwisha mzigo wake akaenda. Hakuniomba daraja, mama. Hakujua hata mimi ni nani.

Kwetu mto ukijaa tunazunguka njia ya mashine ya kusaga, tunachelewa, tunanung'unika, tunafika. Kule hakuna pa kuzungukia. Nilipotia saini nilijisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Sasa nina ombi moja. Udongo wa kule juu ni mfinyanzi mtupu, jiwe hulioni. Mchango wa kata yetu ni hilo rundo lililo langoni kwako, na lisipokwenda, fedha zinarudi. Jumamosi nakuja na lori. Nitasimama hapo hapo langoni niwaambie watu mwenyewe. Wakinitukana, usinitetee; walinipa kura, wana haki ya kunipa na maneno. Wewe weka fimbo chini tu. Wakiiona iko chini, wataelewa kwamba nawe umekubali. Na kama hukukubali, niambie mimi jikoni, si mbele ya Redio.

Kuna lile jiwe lako bapa la kufulia, ulilolitoa siku ya kwanza ili watu wapate mfano. Nilitaka kukuambia ulirudishe uani kabla sijafika, goti lako lisiwe linainama kwenye beseni. Nimemuuliza mhandisi, akasema jiwe pana kama hilo atalilaza mwanzoni kabisa, pale mtu anapoweka mguu wa kwanza. Basi liache, mama. Nitakuletea beseni lenye miguu.

Wasalimie wote, na Redio pia, ila baada ya Jumamosi. Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yake mawili. Tunza goti, na maji ya kuoga uyachemshe.

Ni mimi mwanao, ambaye wewe ukimwita mheshimiwa haitiki.