Miiba Niliyofyeka Kaburini kwa Zadock

Kanyadhiang,
Kendu Bay.
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Rael,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Nakuru? Kile kifua kimepona, ama bado unaamka na kikohozi ukienda kazini kwenye shamba la maua? Mimi mgongo unanisumbua lakini nasimama kwa neema. Lorine wako ni mzima. Amenipita urefu, na sketi ya shule imekuwa fupi tena.

Huku jua ni kali. Tangu Krismasi hatujapata mvua ya maana. Nyasi zimekwisha, ng'ombe wanalamba vumbi, na mbuzi wanatafuna hata kamba. Nakuambia haya kwanza ili uelewe linalofuata.

Wifi, nimekukosea. Ningepiga simu, lakini kila nikianza nakata kabla hujapokea.

Unakumbuka ule mche wa siala, mti wa maua ya manjano, uliotoa kwa baba yako kule Kuria, ukaupanda kichwani pa kaburi la mumeo Zadock kabla hata wageni wa matanga hawajaondoka. Ulipoenda kazini, nyabend winy ilimea pale, ile yenye miiba na maua ya rangi rangi, ikauzunguka mpaka hauonekani. Kila nikipita moyo uliniuma. Nikichungulia ndani naona mche mwembamba kama kiboko cha mwalimu, majani yamepauka kwa kukosa jua. Nikasema, hii miiba inamnyima ndugu yangu pumzi. Si unajua ilivyoyamaliza maharagwe yangu pale mpakani?

Akina mama wa Dorkasi wa kanisani walikuwa waje Jumapili kwa maombi ya miaka mitatu tangu azikwe. Niliona aibu wakute kaburi limekuwa kichaka. Ijumaa nikachukua panga nikafyeka yote, nikang'oa na mizizi, nikafagia. Mche ukabaki peke yake kwenye mwangaza, nami nikamshukuru Mungu.

Sabato tukaenda kanisani. Kurudi, tukamkuta mbuzi wako, yule mweusi uliyeniachia, amekata kamba. Alikuwa amekula majani yote akamenya na gome. Kimebaki kijiti kisichozidi kiganja changu.

Levi jirani, yule wa ng'ombe, alikuja akasimama pale na fimbo yake. "Dada Phelesia, umefukuza askari, sasa unamlaumu mwizi?" Nikamwambia aniache. Akaendelea tu: "Miaka mitatu ng'ombe zangu zinapita hapa, hakuna hata moja imeingiza pua. Hiyo miiba ilikuwa inamfinya, ndiyo. Lakini ndiyo ilikuwa mlango wake."

Aliponiona nalia akaiweka fimbo chini. Akaenda akaokota yale matawi niliyotupa, tukayapanga kuzunguka kijiti. Anasema kama mizizi iko hai, mvua ikija huenda kikachipua. Huenda.

Jumapili akina mama waliomba wakiwa wamezunguka matawi makavu.

Rael, kuna jambo lingine, nalo linanichoma zaidi. Hata wewe nilikusema hivyo hivyo. Nilisema huyu msichana wa Kikuria ni mkali, amemfunika kaka yangu, hata marafiki hana tena. Sikujua ni wewe uliyekuwa ukiwafukuza walevi mlangoni, mpaka ulipoenda kwenu kumuuguza mama yako ile miezi minne. Walimrudia, na chang'aa ikammaliza. Pale matangani nilijua, lakini nilikushika mkono tu nikanyamaza. Leo naandika: ulimlinda, nami nilikuhesabia kosa. Nisamehe.

Lorine anataka tumwombe babu yake mche mwingine. Nimemwambia mti ule si wangu wala si wake. Niking'oe kijiti tupande mwingine, ama tungoje mvua ya Machi tuone? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Panga nimelificha juu ya dari.

Levi anakusalimu, na Lorine anasema usisahau kumeza dawa. Barua hii ataileta Joyline wa dukani, anayekuja huko kumwona dada yake. Bwana aliyemzingira Ayubu kwa ukigo, ua wa kumlinda, akuzingire nawe, uingiapo na utokapo.

Mimi wifi yako, nikupendaye hata kama nimechelewa kulisema,

Phelesia

Tafadhali nijibu upesi, kabla mvua haijaanza.