Shafti ya Kisu cha Kushoto

4 Februari

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake mkononi, asiseme nimemsahau.

Mimi mzima, isipokuwa makalio. Kazi nimepata kwenye uwanja wa matangi ya maji ya mji: matangi sita ya zege, chumba cha pampu, uzio, na majani yasiyokwisha. Nayakata kwa ile mashine ya kupanda kama trekta dogo. Inatikisa mpaka meno.

Kaka bado sijampata. Mji ndio huuhuu alikoandikia barua yake ya mwisho, lakini miaka saba si mchezo. Kila ninayemuuliza ananikodolea macho tu.

Sasa sikia. Kisu cha kushoto kilikuwa kinapiga yowe, nikailaza mashine ubavu na kufungua. Shafti inayokizungusha inacheza kama jino bovu. Beringi zimekwisha, na chuma chenyewe kimelika. Nikaifuta grisi, na pembeni ya nati nikaona vitone viwili vya panchi, ile ncha ya chuma ya kugongea alama. Baba, nilikaa chini. Karakanani kwetu wewe unapiga kitone kimoja, kaka viwili, mimi vitatu, ili kazi ya mtu ijulikane. Nani mwingine duniani anafanya hivyo?

Msimamizi anasema dereva wa zamani aliiacha mashine inawaka mchana kweupe. Waliikuta inajizungukia yenyewe kati ya tangi la tatu na la nne, kiti kitupu. Wakajua katoroka kazi. Koti lake bado limetundikwa chumba cha pampu.

Anataka tuagize shafti mpya. Wewe wasemaje?

Mwanao,
Kitindamimba

19 Februari

Mwanangu, marahaba. Huku tu wazima, mgongo wangu ndio unanung'unika, lakini huo nimeuzoea kama nilivyomzoea mama yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikanyang'anywa. Mama amelia, kisha amekwenda kufagia chumba cha kaka yako.

Usiagize mpya! Umenisikia? Hicho chuma kimeshikwa na mkono wake. Tengeneza hichohicho. Palipolika pachomelee pajae, kisha mpelekee mkereza vyuma apapunguze mpaka beringi iingie kwa kugongwa kidogo. Ikiingia kwa kidole, mrudishie, hajui kazi. Badilisha beringi zote mbili, ya juu na ya chini, usilete ubahili. Na kabla ya yote chomoa waya wa plagi, usije ukaniandikia kwa mguu.

Kisha nieleze kila unachokiona.

Baba yako

10 Machi

Baba, shikamoo. Mniwie radhi kwa kukawia.

Nilifanya kama ulivyosema. Nikapiga vitone vyangu vitatu, nikafunga. Siku tatu mashine ilikwenda kama imenunuliwa jana. Ya nne yowe likarudi, ila kati ya tangi la tatu na la nne tu. Pengine popote, kimya.

Nikafungua. Pembeni ya vitone vyangu kuna viwili vipya. Vinang'aa, Baba, havina hata siku mbili. Mashine inalala chumba cha pampu, na ufunguo wake silali bila kuuvaa shingoni. Nikaenda kulitazama lile koti, mikono yake imejaa majani mabichi.

Jana saa sita mchana nilizima injini palepale. Kisu hakikusimama. Kikaendelea kuzunguka taratibu, na chini yake mtu akakohoa. Ni kile kikohozi cha kaka cha kusafisha koo kabla hajanyoosha mkono kuomba spana. Niliinama kuchungulia. Kulikuwa na majani tu.

Nimeogopa, sikufichi. Naomba ruhusa niache kazi nirudi nyumbani.

Mwanao,
Kitindamimba

27 Machi

Mwanangu, marahaba.

Ruhusa sina. Utarudi na kaka yako au utabaki hapo hapo. Acha utoto. Huyo si jini, ni damu yako.

Ngoja nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Alipoondoka nilikuwa nimemfokea mbele ya wateja kwa sababu ya beringi moja aliyoipasua. Beringi moja! Tangu siku hiyo chakula hakina ladha. Wewe una moyo mwepesi, utasahau hofu yako. Mimi hili sitalisahau.

Akikohoa tena, usikimbie. Mpe spana. Nirudishie mwanangu.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo. Mama shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita mliipata?

Najua bado umenuna kwa ile beringi. Mimi yameshaniisha. Nimepata kazi ya kukata majani kwenye matangi ya maji, na mashine yenyewe nimeitengeneza mwenyewe, ungeona ungekosa la kunisema.

Leo lakini nimeona kioja. Kisu cha kushoto kilipiga yowe, nikashuka kuchungulia. Kwa mazoea nikakohoa, nikanyoosha mkono nyuma kuomba spana, na hali niko peke yangu. Mtu akaniwekea spana kiganjani. Nilipogeuka sikumwona mtu, na mashine ilikuwa inakwenda peke yake, inazunguka. Nikaikimbilia nikaizima.

Na majani niliyoyakata asubuhi yamenifika magotini. Msimamizi kaota mvi, ananiuliza dereva mwenzangu yuko wapi. Mwenzangu gani? Pembeni ya koti langu imetundikwa sweta ya mkono wa mama, ile mishono yake ya kubana, lakini ni ya mtu mzima na si yangu.

Labda ni jua. Mdogo wangu mwambieni asome, aache kushinda karakanani. Akimaliza shule nitamwita, huku kazi zipo.

Mwanao,
Kifunguamimba

9 Mei

Mwanangu, mzaliwa wangu wa kwanza, marahaba, marahaba mia.

Sijanuna. Nilikosa mimi, nisamehe.

Umeondoka miaka saba. Mdogo wako hayuko shuleni. Ana miaka ishirini na mmoja, na sweta ni yake. Aliniomba arudi, nikamkatalia, kwa kuwa nilikutaka wewe. Aliyekupa spana ni yeye, na aliyemwambia akupe ni mimi.

Panda gari la kwanza. Mama yako anakungoja mlangoni tangu jana, hataki kukaa. Hiyo mashine usiiguse. Usichungulie chini yake, hata ukisikia mtu anakohoa, hata akikuita kwa jina la nyumbani. Huyo niachie mimi.

Ukifika, mimi naondoka siku hiyohiyo kwenda kushika nafasi ya mdogo wako. Begi nimeshafunga. Mtunzeni mama yenu, wote wawili, na msigombane.

Baba yenu