Gunia Lililokaa Mahali pa Bibi Harusi

Kijiji cha Gorna Bukovitsa,
Mkoa wa Smolyan,
Bulgaria.

4 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rangel,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, na umgawie wifi yangu Tsveta. Mgongo unaendeleaje? Kalina ameniambia daktari amekuruhusu kutembea mpaka barabarani na kurudi, ila kuinama bado. Basi usiiname. Wewe nakujua, ukiambiwa usiguse, mkono unatangulia. Kikidondoka kitu hapo nyumbani mwache Tsveta aokote, nawe umshukuru.

Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yanalalamika mvua ikikaribia, Mincho wangu anakoroma kama kawaida yake, na yule mbuzi mweusi amegoma kutoa maziwa bila kusema sababu. Asen wetu amesharudi kazini Plovdiv. Baridi ya asubuhi imeanza, tumeshawasha jiko la kuni.

Harusi ya binti yako Kalina umeiona kwenye picha. Najua ulilia, Tsveta kanieleza. Tulilia na sisi, maana kiti chako kiliwekwa mezani na hakuna aliyekikalia. Lakini tangu Jumapili umekuwa ukiuliza swali moja tu: kwa nini madigadi ya kushoto ya gari la Baba ilifungwa kitambaa cha Mama cha kudarizi. Kalina akakwambia ni pambo. Asen akakwambia ni mila. Mincho, ulipompigia, akajifanya mtandao unakatika, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni namwona anakwaruza simu kwa ukucha.

Sasa nakujibu mimi, tena kwa barua, kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijamaliza. Lakini kwanza soma hili: binti yako ni mzima, hakuguswa hata ukucha. Mincho mzima. Gari nalo zima, au tuseme karibu. Ukishalisoma hilo mara mbili, kaa chini taratibu, uendelee.

Unajua shemeji yako Mincho anavyoipenda ile Moskvich ya Baba. Tangu Baba afariki inakaa bandani chini ya blanketi, na haitoki ila kuna harusi au ubatizo. Nilipoolewa nilikaa humo, Tsveta akakaa humo, na wewe ukaomba Kalina naye apelekwe kanisani humo humo, maana mwenyewe hungeweza kuja kumshika mkono. Mincho alipokea ombi lako kama amri ya serikali. Wiki nzima alikuwa bandani anasugua. Akabadilisha oili, akasafisha plagi, akang'arisha taa. Halafu, kama afanyavyo kila harusi, akachukua kopo la dawa ya viatu na brashi, akayapaka matairi mpaka yakawa meusi ti.

Hapo ndipo mimi nilipoingilia, na wala si kwa sababu ya akili. Niliwaza gauni. Gauni jeupe lile, limeshonwa siku ngapi sijui, liburuzwe kwenye tairi lenye dawa ya viatu? Alhamisi Mincho alipokwenda kuwapa mbuzi maji, nikachukua ndoo, sabuni na brashi ya sakafu, nikayaosha matairi yote manne.

Rangel, chini ya ule weusi kulikuwa na nyufa. Si mikwaruzo, nyufa, zimezunguka ubavu mzima wa tairi. Nikaingiza ukucha, ukazama. Nikaenda la pili, hivyo hivyo. Na juu, pale linapokanyaga barabara, kashata, yale matuta ya mpira, zimejaa kabisa, hata vile vinywele vya mpira vinavyokuja na tairi jipya bado vimesimama. Miaka yote tumekuwa tukiangalia kashata na kusema matairi haya ni mapya. Na dawa ya viatu ikatufichia mengine.

Yalikuwa ni yale uliyotununulia wewe kiangazi ulichoondoka kwenda Kanada. Ubavuni mna tarakimu nne, sijui kama umewahi kuziangalia, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka yalipotengenezwa. Ilikuwa 1805. Binti yako alikuwa bado na pengo la meno ya mbele.

Mincho aliporudi tukagombana. Kilichomuuma kwanza ni kwamba nimemharibia kazi yake ya kupaka. Cha pili ni kwamba nimeyatukana matairi ya Rangel.

"Hayajatembea hayo," akaniambia. "Kanisani na kurudi. Kanisani na kurudi. Yangekuwa yamechakaa ningeona."

Nikamwambia mpira hauhitaji kutembea ili uzeeke. Nina mipira ya mifuniko ya chupa za pilipili, inakaa kwenye droo haijatumika, nikiivuta inakatika. Nikamkumbusha na zile chupi zake alizoziweka kabatini za sikukuu, siku alipozivaa lastiki ikakatika akiwa kwenye foleni ya mkate.

"Mama Asen, unalinganisha tairi na chupi?"

"Nalinganisha mpira na mpira."

"Basi sema Rangel alituletea takataka. Mpigie umwambie."

Hapo akanishika pabaya, naye alijua. Ulivyoondoka ulikuwa huna kitu, na kitu cha mwisho ulichofanya ni kuweka matairi mapya kwenye gari la Baba ili tusikwame. Mincho amekuwa akiyatunza kama vile wewe mwenyewe ndiye uliyelala chini ya lile blanketi. Nikaokota ndoo yangu nikaondoka. Lakini usiku sikulala, nikawa naiona ile barabara ya kushuka kanisani, zile kona juu ya kiwanda cha mbao na korongo upande wa kulia, na Kalina amekaa nyuma na shela lake. Alfajiri nikaamua kwamba akitaka apande punda, gari hilo hapandi. Nikachukua ufunguo nikautia kwenye mtungi wa unga.

Nilisahau kwamba mwanamume aliyeoa miaka arobaini anajua mahali mkewe anapoficha vitu.

Ijumaa asubuhi Kalina alikuwa mjini kwa fundi wake wa gauni, namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi nilikuwa jikoni na majirani tunakanda unga. Nikasikia injini. Nilipotoka, Mincho alikuwa ameshafika getini, na nyuma ya gari amepakia magunia mawili ya viazi, moja kushoto na moja kulia. Akateremsha kioo.

"Huyu ni msimamizi," akasema, akionyesha la kushoto. "Na huyu ni bibi harusi. Nashuka nao kanisani, nawarudisha salama, halafu sitaki kusikia tena habari ya chupi."

Majirani wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia ashuke, akaondoka.

Nikakaa kwenye ngazi na mikono yangu ya unga. Sikuweza kurudi ndani. Muda ulipozidi ule wa kwenda na kurudi, nikavua aproni nikaanza kuteremka kwa miguu, na haya magoti yangu. Sijui niliomba nini njiani. Nadhani nilikuwa namtukana.

Nilimkuta kona ya pili. Amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi, uso mweupe kama ule unga. Gari limelala pua mtaroni, upande wa mlima. Tairi la nyuma la kulia halikutoboka tu, lilibanduka. Ngozi yote ya juu ilichomoka na zile kashata zake nzuri, ikalala barabarani peke yake. Gari likazunguka, madigadi ya kushoto ikagonga ukingo wa mlima, na mlango wa nyuma wa kulia ukafunguka.

Gunia la kushoto lilikuwa bado limekaa. La kulia halikuwepo. Lilirushwa nje, likapasukia ukingoni mwa korongo, viazi vimetapakaa barabarani na vingine vimekwenda chini.

Wote wawili tulikuwa tunakitazama kile kiti. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mengi, nimeyapanga njia nzima, lakini nikajikuta nimekaa naye juu ya jiwe na kumshika shingo. Akasema, "Velichka, ningekuwa nimeshamuua." Hajaniita kwa jina langu tangu Asen azaliwe.

Akaja Salih, jirani yetu wa chini, na trekta lake. Huyo unamjua, hata msibani hawezi kufunga mdomo. Akaangalia gari, akaangalia barabara, akasema, "Mincho, umeanza kupanda viazi kwenye lami?" Tulicheka, Rangel. Tulicheka mpaka nikalowa machozi, na Mincho naye, na Salih akashangaa kwamba mzaha wake ni mzuri kiasi hicho.

Gari likavutwa nyumbani. Mchana ule ule Mincho akaenda mjini na Salih bila mimi kusema neno, akarudi na matairi manne mapya, na kabla hajayafunga alikuwa amevaa miwani anasoma tarakimu ubavuni, moja moja. Fundi tairi alimwambia kwamba tairi linazeeka hata likiwa limelala, na likishapita miaka kumi ni la kutupa, kashata ziwe zimejaa vipi. Alinieleza hayo kana kwamba ni habari mpya, nami nikamwacha anieleze. Madigadi aliigonga kwa nyundo mpaka ikaacha kugusa tairi, na iliyobaki nikaifunika kwa kitambaa cha Mama. Ndilo jibu la swali lako.

Jumapili Kalina akatoka mlangoni, akapiga teke mtungi wa shaba kama mila inavyotaka, maji yakatiririka mpaka chini ya gari. Akaingia nyuma, upande wa kulia. Mincho aliendesha polepole hata wapiga ngoma na zumari waliotutangulia kwa miguu wakawa wanatusubiri. Nilikaa mbele na sikupumua mpaka kiwanda cha mbao. Tulipofika kanisani nikasikia Zdravko, mkweo, akimnong'oneza mtu kwamba wazee hawa wana adabu ya ajabu barabarani.

Kalina hajui. Ameambiwa Mincho alikwaruza mlango wa banda. Wewe baba yake ndiye utakayeamua kumwambia au kutomwambia.

Sasa nakuomba mawili. La kwanza, usilibebe hili. Matairi yako yalikuwa mazuri, yalifanya kazi yake, ni sisi tuliotaka yabaki machanga kwa sababu yalitoka kwako. Yale matatu yaliyobaki Mincho aliyakata kwa shoka ili asitokee mtu wa kuyaokota na kuyatumia, na kila pigo alikuwa akisema, "Samahani, Rangel." Sikumcheka.

La pili, gari lako limekaa gereji tangu ulipoumwa, na Tsveta anasema unajisifu kwamba matairi yake ni kama mapya. Mtume Tsveta akasome zile tarakimu. Wewe usiiname.

Nimebakiza moja. Jumamosi asubuhi nilimkosa Mincho kitandani, nikamwona anarudi kutoka korongoni na ndoo mbili, suruali imejaa matope. Alikuwa ameviokota vile viazi. Akaviosha mwenyewe, akasema hivyo ndivyo vya kukuna na kuoka patatnik ya meza kuu. Nikapika. Karamuni akampelekea Kalina sahani kwa mkono wake, akasimama pale na kofia yake kama mhudumu. Kalina akala, akaomba tena, akasema hajawahi kula viazi vyenye ladha hiyo Kanada nzima, akauliza vimetoka shamba gani.

Mincho akamwambia, "Vilikaa mahali pako, binti yangu. Kula." Kalina akacheka, akadhani ni mizaha yake ya kawaida, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

Msalimie Tsveta kwa mara nyingine, na mama yake, na yule jirani yenu Mgiriki anayekuletea samaki. Asen anakusalimu. Salih anakusalimu na anauliza kama Kanada mnapanda viazi kwenye lami. Mincho amesimama nyuma yangu anasoma, anasema nimeongeza chumvi, lakini hajanionyesha wapi. Mungu akunyooshe mgongo, akulinde kwenye kila kona, na siku moja akulete ukikalie kile kiti chako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye usingizi mzuri tangu Jumapili,

Velichka