Kwa Dudu Wetu, Siyo Yule wa Mikumi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii nimeinakili mara saba nikawapa madereva wa malori hapa Mikumi. Asipokupata hata mmoja wao, sijui nifanye nini tena.

Unakumbuka ukurasa wa gazeti kwa kinyozi, karibu na stesheni ya Kilosa? Wabrazili wawili, mmoja kiungo, mwingine beki, na wote wakiitwa Dudu. Wewe ukajiita Dudu kwa sababu ya kiungo. Rafiki yako wa Mikumi, beki, akajiita Dudu naye. Mama alinuna wiki nzima. "Sikuzaa mdudu mimi," alisema, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Mlipocheza timu moja, watu waliita "Dudu!", mkageuka wote wawili na mpira ukapita katikati yenu. Nilikuwa na furaha siku zile.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara zikaachiwa huru. Malori yakaongezeka, gesti zikafunguliwa Mikumi kila kona, na ule ugonjwa ukaingia. Watu waliogopa kuutaja, wakawa wanasema fulani ana mdudu. Siku moja kondakta akashuka stendi ya Kilosa na habari: "Dudu kapimwa. Dudu ana mdudu." Stendi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, wala sikuuliza Dudu yupi.

Nilirudi nyumbani nikakutengea sahani na kikombe, nikavitia alama kwa rangi ya kucha visichanganyike na vyetu. Uliviangalia, ukasema taratibu, "Dada, akina Dudu tuko wawili." Nikakujibu, "Kula, ugali unapoa." Nilidhani kila mgonjwa hukana. Asubuhi yake uliniamkia shikamoo ukiwa mlangoni, nikaitika marahaba bila kukusogelea. Ukapanda lori la Zambia.

Miezi minne baadaye tuliitwa Mikumi msibani. Aliyekufa ni Dudu beki. Aliyepimwa alikuwa yeye. Nililia kaburini kwake mpaka nikashikwa, na watu wakadhani namlilia marehemu.

Tangu hapo nauza chai hapa barabarani ili nimuulize kila dereva habari zako. Wengine hunitania, "Dudu yupi, dada? Wako wengi." Juzi mmoja hakutania. Alisema Tunduma alimkuta fundi matairi wa Kilosa, hodari, anayejiita Dudu, lakini hataki kuoa kwa sababu anaumwa. Dereva akamuuliza alipima wapi.

"Sijapima," ukamjibu. "Nyumbani wanajua."

Anasema aliporudi tena Tunduma ulikuwa umeshavuka mpaka, na hakuna aliyejua ulikoelekea.

Mdogo wangu, nyumbani hatukujua kitu. Mimi nilisikia jina tu. Nakusihi, popote ulipo, nenda ukapime. Majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, yaamini hayo. Usiniamini mimi.

Nipo Mikumi, nakungoja,

Dada yako