Haika, Hukuibadilisha Ile Sarafu

Mpendwa binti yangu Haika,

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei, na wala sikulaumu. Najua mama yako unaongea naye. Ukipiga, anatoka na simu kibarazani, anafunga mlango, mimi nabaki sebuleni nasikia kicheko chake tu. Juzi nikamwomba akufikishie maneno yangu. Akasema, "Usinitume mimi. Yale uliyasema kwa mdomo wako mbele za watu. Na haya kayaseme mwenyewe, mbele za watu." Kwa hiyo barua hii si ya siri. Baba zako wadogo wamepata nakala, na kila aliyekuwepo nyumbani siku ile atapata yake.

Unakumbuka ile sarafu yako ya kwanza? Ulikuwa na miaka tisa. Jumamosi ulikuwa unashinda na mimi dukani, umekaa juu ya boksi la misumari, unapanga vitasa na bawaba kana kwamba duka ni lako. Yule mzee aliyekuwa anatandaza vitu vyake vya kale chini, upande wa Msimbazi, alikupa senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Ukaenda nayo nyumbani, ukaikamulia ndimu, ukaisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Jumatatu ukaniletea inang'aa kama imetoka kiwandani leo.

"Baba, ona! Mpya!"

Nikashika kichwa. "Mama, umeichuna ngozi."

Ulilia siku ile. Nikakueleza kwamba ile rangi ya kahawia siyo uchafu, ni umri wake, na ukishaitoa hairudi. Tukaanza upya pamoja: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mswaki laini wa mtoto, kijiti cha meno kwa uchafu ulioganda kwenye herufi. Sarafu zilizoganda uchafu sana tulizilaza kwenye mafuta ya zeituni ndani ya kikopo cha jamu, wiki hata sita. Kila siku ulifungua kuchungulia, na kila siku nilikwambia funika, bado. Mama yako aliyatafuta yale mafuta jikoni, akayakuta chini ya meza yetu na hela za Mjerumani zimelala humo kama dagaa.

Hapo ndipo ulipojua kwamba "hela" ilikuwa jina la sarafu yao kabla haijawa neno letu la kila siku. Ulifurahi sana! Wiki nzima ulimweleza kila mteja aliyeingia kununua kufuli.

Ukanunua daftari la kaunta. Kila sarafu ulipima upana wake kwa rula, ukahesabu mikato ya ukingoni, ukaimulika kwa tochi ya pembeni ili namba zilizofutika ziinuke kwenye kivuli. Nilikufundisha sheria moja tu: andika unachokiona, siyo unachokitaka. Kuna siku ulitaka sana senti moja iwe ya mwaka adimu. Ukaja na tochi mara tatu. Mwisho ukaandika, kwa mwandiko wako ule wa kulala, "Mwaka hausomeki." Nilijivuna kuliko siku uliyofaulu kwenda sekondari. Sijawahi kukwambia.

Sasa nije kwenye sarafu ya Babu.

Wengine wanaosoma hapa hawaijui, kwa hiyo naieleza. Babu yangu mzaa baba alituachia kifuko cha ngozi ya mbuzi kilichoning'inia juu ya meko kule Marangu miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na sarafu moja, nyeusi tii kwa masizi na mafuta, huoni sura wala maandishi. Tuliambiwa ni rupia. Tuliambiwa Babu alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita ya kwanza ya wazungu, akafikishwa hapa Dar, akalala kambini na wapagazi wenzake mahali ambapo baadaye pakaitwa Kariakoo kwa sababu yao, na ile rupia ndiyo ujira wake. Nilipofungua duka hili nilikuja nayo, na kila mgeni niliyemwonyesha nilimwambia, "Babu yangu alilala hapa chini kwenye mchanga, leo mimi nauza juu yake." Nimeisema mara ngapi, Haika? Wewe ulikuwa unamalizia sentensi.

Na kila uliponiomba tuisafishe, nilikataa. "Ile iache ilivyo." Ulidhani ni heshima.

Ulikuwa tayari mwalimu wa kemia pale ukoo ulipokubaliana kumwekea Babu jiwe jipya la kaburi. Mimi ndiye niliyetunga maneno: kwamba alikuwa mpagazi wa vita, akarudi hai. Ukataka kunishangaza. Ukaitoa sarafu kabatini bila kuniambia, ukailaza kwenye mafuta, ukaiosha kidogo kidogo kwa zaidi ya mwezi. Ulitaka ipigwe picha pamoja na jiwe. Siku mbili kabla ya kikao cha ukoo ulikuja dukani mchana, uso umekushuka, ukanifungulia leso juu ya kaunta. Upande mmoja mfalme wa Kiingereza na taji lake. Upande wa pili simba, na milima nyuma yake. Chini, 1925.

"Baba, ni shilingi," ulisema kwa sauti ya chini. "Vita ilikuwa imeisha miaka saba. Haiwezi kuwa ujira wake."

Nikakwambia funga hiyo leso, kuna wateja. Nikakwambia tutaongea. Hatukuongea.

Jumapili walijaa nyumbani, ndugu zangu wote na watoto wao. Nilisimama nikasimulia kama kawaida yangu. Nilipomaliza, baba yako mdogo Eliamani, kwa nia njema kabisa, akakugeukia. "Haika, wewe ndiye mtaalamu wetu. Hiyo rupia ya mwaka gani hasa?"

Uliniangalia mimi kwanza. Nimeurudia ule mtazamo wako mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ulikuwa unaniomba nijibu mimi. Nilitazama sahani yangu. Ndipo ukasema, taratibu, bila kejeli hata chembe, "Baba mdogo, siyo rupia. Ni shilingi ya mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tano."

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akacheka. Na mimi, mtu mzima, baba yako, nikasimama nikakunyooshea kidole. Nayaandika maneno yale yale, nisije nikayalainisha: "Siyo yenyewe hiyo. Umeibadilisha. Ile ya Babu umeipeleka wapi? Umeiuza?"

Hukujibu kwa hasira. Ulisema tu, "Baba?" Kama mtu aliyeamshwa. Kisha ukachukua mkoba wako.

Baada ya hapo waliamini walichotaka. Shangazi zako walianza kuficha vitu unapoingia. Nilijua, nikanyamaza. Ukaomba uhamisho kwenda Mwanza, ukapata, na mimi nikasema kwa watu kwamba serikali ndiyo imekuhamisha. Jiwe likapelekwa Marangu na maneno yangu juu yake. Huu ni mwaka wa tatu.

Sasa nasema nililoshindwa kusema.

Nilijua. Siyo kwamba nilihisi, nilijua, tangu kabla hujazaliwa. Nilipoanza kupenda sarafu niliipeleka ile nyeusi kwa Mzee Salim, sonara jirani yetu, aipime kwenye mzani wake wa dhahabu. Rupia ya Mjerumani inazidi gramu kumi na moja. Mzani ukasimama karibu na nane. Mzee Salim akaipima tena, akanirudishia sarafu mkononi, akafunga kiganja changu juu yake. "Ndugu yangu, hii siyo rupia." Nikamwambia labda imelika. Akasema, "Labda," kwa upole, kama mtu anayemsitiri mwenzake. Nikairudisha kwenye kifuko na masizi yake, na tangu hapo nikawa naogopa mswaki na maji.

Kwa hiyo siku nilipokuita mwizi, nilikuwa najua kuliko wote mle ndani kwamba sarafu ni ile ile. Nilikuwa na uzito wake kichwani. Wewe ulifanya nilichokufundisha, na mimi nikakuadhibu kwa hilo hilo.

Mwaka huu shangazi yangu Aikande, dada yake marehemu baba, aliletwa Dar kutibiwa. Anakaa Buguruni kwa mwanawe. Amezeeka mno, macho hayaoni, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu. Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ni yule wa kufuli. Mwanao mwalimu yuko wapi, haji kuniona?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote. Nikamwekea ile shilingi mkononi. Aliipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba, polepole, halafu akaniuliza, "Nani kaiosha?" Nikasema Haika. "Kafanya vizuri. Hii ni ya Ndemasi."

Sijawahi kulisikia jina hilo, Haika. Ndemasi alikuwa mdogo wake Babu. Wapambe wa mangi, mtawala wa kule, walikuja kutaka mtu mmoja kutoka kwenye kihamba chao, shamba la ukoo. Babu ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini alikuwa ameoa juzi tu. Mama yao akampandisha darini, juu ya zizi la ng'ombe mle mle nyumbani, akamfunika majani. Wakamchukua Ndemasi. Hakurudi. Waliorudi walisema tumbo lilimuua njiani, huku kusini, hawakumbuki wapi.

"Baba yangu, huyo babu yako, aliwauliza mpaka wakamchoka," shangazi alisema. "Walivuka mto gani. Walikula nini. Mzigo ulikuwa wa nini. Usiku akatusimulia sisi watoto. Mwanzoni alikuwa anasema 'alibeba'. Tukikua, akawa anasema 'walibeba'. Mimi nimeolewa, narudi nyumbani siku moja, namsikia anawaambia wajukuu 'nilibeba'. Mama akanikanyaga mguu nisiseme kitu."

Nikamuuliza na shilingi je?

"Kahawa ya kwanza kabisa aliyouza. Alitoa shilingi moja akaiweka kando. Alisema fungu la Ndemasi. Haikuguswa hata tulipolala njaa."

Nililia pale Buguruni kwenye chumba cha watu, mtu wa umri wangu. Shangazi hakunibembeleza. Alinirudishia sarafu akasema, "Kamwambie mtoto."

Nimechelewa miezi minne kukwambia, kwa sababu ya woga tu, sina kisingizio kingine. Lakini Jumapili mbili zilizopita niliwaita wote, nikasimama pale pale nilipokunyooshea kidole, nikasema: Haika hakubadilisha kitu, mimi nilijua, na Babu hakwenda vitani, aliyekwenda ni Ndemasi. Nikaomba jiwe liandikwe upya, na jina la Ndemasi liwepo.

Sitakudanganya kwamba walinipigia makofi. Eliamani alisema, "Kaka, ungenyamaza tu. Umemwaibisha marehemu na umetuaibisha sisi." Mwingine akauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Wawili waliondoka bila kula. Maneno ya jiwe wamekataa yasiguswe, na mimi peke yangu siwezi kuyagusa. Sasa nikipita kwenye shughuli za ukoo watu wanasalimia na kuhama kiti. Mama yako aliniuliza jana, "Unajisikiaje?" Nikamwambia najisikia kama ulivyojisikia wewe, Haika, ila mimi nimestahili.

Daftari lako bado lipo dukani. Nimeliongezea ukurasa mmoja kwa mkono wangu, na umbo na upana na mwaka, na chini nikaandika jina la Ndemasi. Tangu ulipoondoka sijasafisha sarafu hata moja. Nikishika mswaki, naurudisha. Wakati mwingine mteja anaingia anauliza, "Yule binti yako wa hela yuko wapi?" nami nasema Mwanza, anafundisha, nageuka kutafuta bawaba ambayo hakuiomba.

Sikuombi unisamehe kwa sababu nimeandika karatasi. Najua kilichovunjika siyo kitu cha kuoshwa kikarudi. Wala sikuombi uje. Ukija, mlango upo. Usipokuja, nitaelewa, na sitamsumbua tena mama yako.

Ninachokuomba ni kimoja. Siku yoyote mtu wa ukoo wetu, mkubwa au mdogo, akikutazama kwa jicho lile, au akikutajia ile siku, usijitetee. Usimweleze chochote. Mpe barua hii asome mwenyewe. Nimeiandika kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu timamu, na Mzee Salim ameshuhudia nikitia sahihi.

Ni mimi niliyesema uongo,

Baba yako.