Wakunga Waliotoka Wodini

4 Februari

Mama, shikamoo.

U hali gani, na mguu je? Sisi wazima. Nyumba yetu ya kujifungulia imekamilika: vitanda vitano, maji yanatoka bombani, hakuna mzazi anayelala chini. Miaka tisa nikiwa hapo wodini nilimwandikia mganga mkuu kuomba hata glavu. Wewe umeandika ishirini. Hapo hospitalini hapatengenezeki, mama. Wakunga wako wawili wameshakubali kuja kwangu. Njoo na wewe.

Mwanao

19 Februari

Marahaba, mwanangu.

Mguu umevimba ila bado unanibeba. Nimefurahi kusikia habari za maji. Sisi bado ni ndoo kichwani. Wale wawili waliniaga wakilia, nikawaambia nendeni tu. Lakini nikuulize: akija wa kupasuliwa, utampeleka wapi? Chumba cha upasuaji kiko huku, nami nimebaki na msaidizi mmoja. Usiwachukue wengine.

Mama yako

2 Juni

Mama, shikamoo.

Siku ya nne leo chakula hakipiti, na najua hata wewe "sijambo" yako ni ya mdomoni tu. Yule mwalimu tuliyekuletea nilimhudumia tangu mimba changa. Damu ilipoanza kumtoka tulimkimbiza kwako asubuhi ileile, ukatupokea peke yako, msaidizi wako hayupo zamu, huku wazazi wengine wawili wakisukuma vitandani. Nilikusikia ukimwita mkunga kwa jina, na mkunga mwenyewe alishahamia kwangu. Mtoto ulimwokoa. Mama yake akakata roho daktari hajafika.

Mumewe alinishika mkono akanishukuru. Wewe ulirudi kwa wale waliokuwa wakisukuma. Nigombeze basi, mama. Mimi na wale wawili tumeamua kurudi wodini mwisho wa mwezi.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Kula, hata kama ni uji. Sina la kukugombeza; kwamba hapa pameoza nilijua kabla yako.

Msirudi. Barua yako imenikuta nafungasha. Wodi imefungwa tangu jana kwa kukosa wahudumu, na chumba cha upasuaji kimefungwa nayo. Leo nimeshinda mlangoni nikiwarudisha wajawazito. Watatu nimewaelekeza kwako. Wa nne mtoto amekaa vibaya, na hospitali nyingine ni mwendo wa saa tano. Akaniuliza, "Nitafika?" Nikamwambia atafika.

Jumatatu nakuja kwako kufanya kazi. Niwekee viatu vya mpira, namba saba. Na uwaambie wenzako wasinipokee kwa shangwe.

Mama yako